Ngedere na Macho ya Wenzake

Wanyama wa Londiani walipoamua kwamba sherehe bila picha si sherehe, hawakugombana juu ya nani ashike kamera. Ngedere alikuwa na vidole, akapewa. Nyani naye alikuwa na vidole, lakini wakati ule alikuwa mshauri wa Mheshimiwa Ndovu, kazi inayohitaji mdomo peke yake.

Kamera ya Ngedere ilitoka dukani na lenzi yake ndani ya boksi moja, ile ya milimita 18 hadi 55 ambayo wengi wanaoanza huanza nayo. Kwa lenzi hiyo alipiga picha za mahafali ya Chuo cha Misitu, kilichopo Londiani tangu 1957. Alipiga pia picha za ng'ombe wa maziwa waliotafutiwa wanunuzi, na picha za pasipoti za Swala waliotaka kwenda kukimbia mbio za ng'ambo. Jua likiwaka hakuna aliyelalamika. Shida ni kwamba Londiani jua halikai. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, umeegemea mlima wenye msitu, na ukungu hushuka kutoka huko bila kubisha hodi. Tena Ikweta iko hapo karibu, kwa hiyo jua likizama, giza halina subira. Na sherehe zenye malipo, hasa koito, mahali ambapo wakwe hupatana mahari, hufanyika ndani ya nyumba, mapazia yakiwa yameshushwa ili majirani wasihesabu ng'ombe.

Mama yake Ngedere alikuwa na michai upande wa chini kuelekea Kericho. (Londiani yenyewe, mgeni asidanganywe na picha za kalenda, ni nchi ya viazi, mahindi na miti kuliko chai.) Mwaka mzima alichuma majani mawili na chipukizi, akabeba kikapu hadi kituoni, mizani ikasema ilichosema, na Oktoba bonasi ikatoka. Bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa imezoea kuwa ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki. Sababu husomwa mkutanoni, wakulima hupiga kelele, kisha kila mtu hurudi kuchuma. Kwa hicho kidogo, mama alimkatia mwanawe fungu.

"Nunua jicho lingine," alimwambia. "Hili ulilo nalo, kila nikipigwa picha jioni linanitoa na ndevu."

Habari ilifika sokoni kabla Ngedere hajafika. Kufikia saa nne asubuhi kila mwenye macho Londiani alikuwa mtaalamu wa lenzi.

Wa kwanza kumwita alikuwa Tai, yule mkubwa mwenye ushungi, ambaye kitoweo chake katika misitu hii kinajulikana kuwa jamaa za Ngedere. Mazungumzo yalifanyika Ngedere akiwa ndani kabisa ya mti wenye majani mengi.

"Kijana wangu, toka hapo nje tuongee vizuri."

"Nakusikia sawasawa, mzee."

"Nunua ndefu. Milimita 600, usishuke hapo. Mimi kila jicho langu lina vitovu viwili vya kuonea, kimoja cha mbele, kimoja cha ubavuni. Nikiwa juu ya mlima namwona fuko akisukuma udongo shambani kwa watu."

"Na vya karibu?"

"Vya karibu ni kazi ya kucha. Ukiipata hiyo lenzi, panda ule mti mkavu uliosimama peke yake, ule usio na jani hata moja, unipige picha nikiwa nakuja."

Ngedere alishukuru, hakushuka. Ili tusimwonee Tai, ushauri wake una pahali pake. Anayepiga ndege wa ziwa Nakuru, au nyumbu wakivuka mto Mara, bila kioo kirefu atarudi na madoa. Lakini kwenye ukungu lenzi ndefu haioni zaidi ya jicho tupu. Kadiri unavyopiga cha mbali ndivyo unavyoweka ukungu mwingi kati yako na kitu chenyewe, ukalipa pesa nyingi kupiga picha ya hewa. Na kioo cha milimita 600 chenye tundu la f/4 kina uzito wa kilo tatu na zaidi, hutikisika kwa pumzi, na kinataka shata ifunguke kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya 600 ya sekunde. Haya Tai hakuyataja. Anayeruka na macho yake hajui mzigo wa kuyabeba.

Sungura alimsimamisha njiani, haraka haraka kama kawaida yake. "Pana, ndugu yangu! Nunua pana! Mimi naona mbele, kando na nyuma bila kugeuka. Koito ikiwa na wakwe thelathini, wote wanaingia, hakuna wa kununa." Ni kweli sungura huona karibu pande zote. Asichokiona ni kilicho mbele ya pua yake, ndiyo maana akimaliza kusema alijigonga kwenye gurudumu la mkokoteni. Pia hakusema kwamba lenzi pana sana humnyoosha aliyesimama pembeni. Familia ya Nguruwe ilishapigwa hivyo na mpiga picha wa kutoka Kipkelion, na shangazi aliyekaa ukingoni hakusema na mtu miezi mingi.

Bundi ndiye aliyekaribia ukweli, nami nampa heshima yake. Alikuwa akiishi kwenye paa la stesheni ya zamani, ya reli iliyopita hapa kwenda Kisumu mwaka 1901. Ngedere alimkuta akiamka.

"Usinunue ya kuvuta," Bundi alisema. "Macho yangu ni mabomba mawili, yamefungwa kwenye pete ya mfupa, hayageuki hata kidogo. Nikitaka kuona kando nageuza kichwa, robo tatu ya duara. Nikitaka kuona zaidi naruka. Badala ya kuvuta nilipewa upana wa tundu. Waliopima jicho la ukoo wangu huko Ulaya walipata karibu f/1.3, na namba hiyo ikipungua ndivyo tundu linavyopanuka. Ndiyo maana usiku wenu ni mchana wangu."

Ngedere alisikia moyo wake ukitulia. Hapo ndipo Bundi alipoharibu. "Lakini nunua f/1.2. Ile ya f/1.8 ni ya wanafunzi." Tofauti ya bei ya hizo mbili ingemeza bonasi ya mama, ya mwaka huu na ya ule unaokuja, pamoja na mbuzi. Bundi akainama kunywa chai, akakipapasa kikombe kwa nywele za mdomoni kwanza, kwa maana kilicho chini ya mdomo wake bundi hakioni. Bei ilikuwa karibu mno naye.

Kwenye kibanda cha chai Maksai mzee alisikiliza yote hayo akicheua. Kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924, mizigo ya walowezi iliteremshwa hapa stesheni ya Londiani, ikavutwa kwa magari ya maksai hadi Uasin Gishu, na babu zake walikuwemo kwenye nira. "Waliokwama kwenye tope," alisema, "hawakukosa nguvu. Walipakia vitu vya kuonyesha majirani ambao hawakuwa nao bado." Hakuna aliyemwuliza ana maana gani. Wazee wa Londiani hupewa chai ili wanyamaze.

Basi Ngedere, mama akiwa nyuma yake, alikwenda kwa Fisi, anayeuza macho yaliyotumika na kukopesha wasio na pesa ya kuyanunua. Fisi alitoa lenzi moja nzito kutoka kwenye soksi.

"Hii ilikuwa ya mtalii. Aliitumia Jumapili peke yake, tena baada ya ibada."

Mama aliwasha tochi ya simu, akamulika nyuma ya kioo, akachungulia mbele. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe zilizotambaa kutoka ukingoni.

"Fisi, mwanangu, hii nini?"

"Ukungu tu, mama. Londiani nzima ina ukungu. Ukivuka Mau Summit unaisha."

Haukuwa wa kuisha. Kuvu ya lenzi hula utando uliopakwa kwenye kioo, mwishowe hukikwaruza kioo chenyewe, na katika mji wenye unyevu kama huu hustawi kuliko viazi. Mpiga picha wa hapa huweka lenzi zake kwenye kopo linalofungika sawasawa, na ndani yake vile vifuko vya silika vinavyotupwa na wanaonunua viatu vipya. Lakini kila bidhaa ina mnunuzi wake. Walipokuwa wakitoka, Nyani alikuwa akiingia. Alitoka na kioo cha milimita 600, cheupe, kirefu kama bomba la kinyunyizio, kwa mkopo wa Fisi wenye riba isiyolala usiku. Hakuuliza kinapiga nini. Aliuliza kama kina mkanda wa kuning'iniza mbele, mahali watu watakapokiona. Wahenga walishamsema Nyani kwa asichokiona nyuma yake. Safari hii alikuwa na kitu cha mbele pia.

Kinyonga hakumwita Ngedere. Alikuwa kwenye ua wa kayaba, akivuka tawi moja tangu asubuhi, na Ngedere ndiye aliyesimama. Jicho moja la Kinyonga lilimtazama yeye, la pili likiwa na shughuli zake kwa nzi. Si jicho la kawaida hilo. Mwaka 1995 watafiti wawili waliandika katika jarida la Nature kwamba kioo kilicho ndani ya jicho la kinyonga hutawanya mwanga badala ya kuukusanya, na kazi ya kukusanya hufanywa na ngozi angavu ya mbele. Mpango huo humpa sura kubwa kuliko jicho dogo kama lile linavyostahili, ambayo ndiyo hila ya lenzi ndefu. Tai angeyapata mambo hayo angeyatangaza kila mkutano. Kinyonga hakuyataja.

"Picha ulizoharibu ziko wapi?" aliuliza.

"Nilizifuta."

"Zote?"

"Mzee, zinaharibu jina."

"Basi unatafuta dawa, na mgonjwa umemzika." Kinyonga akainua mguu, akaufikiria, akaushusha palepale. "Walioambiwa wanunue jicho la Tai wana kitu walichokosa kukiona mbali. Wewe ulikosa kuona nini?"

Ngedere hakujua. Alijua lenzi zote kwa majina, bei na uzito, hakujua picha zake. Kisha akakumbuka kwamba kabla ya kufuta alikuwa akiuza. Picha mbaya zilikuwa kwa wateja, zimelipiwa, zimetundikwa.

Kwa hiyo akazunguka. Nimewahi kusikia visa vingi vya wapiga picha wakitembelea wateja, lakini kwa kawaida huwa wanafuata deni. Ngedere alibisha hodi, akaamkia "Chamgei," akapewa maziwa ya mursik, kisha akaomba aonyeshwe kazi yake mbaya kuliko zote. Mwanzoni watu walitazamana. Halafu, kwa kuwa hakuna mnyama asiyependa kuombwa malalamiko, vikatolewa vya chini ya godoro.

Kwa Kondoo alikuta picha ya koito imefunikwa na kalenda. Uso wa binti ulikuwa umeburutwa kutoka shavu hadi ukutani. "Tulidhani ni shela," mama Kondoo alisema kwa upole, na upole wake uliuma kuliko matusi. Kwa Bata keki ilikuwa nyeusi. Kwa Punda, watoto watano walikuwa na macho kumi na manne. Kwa Nguruwe, ukoo ulikuwa umejipanga kwenye ujia mwembamba na nusu yake imekatwa na mlango. Wengi walikuwa na picha zenyewe kwenye flashi, na kamera huandika ndani ya kila picha umbali wa lenzi, tundu na muda wa shata. Ngedere akanakili kwenye daftari la mama la kilo za majani. Milimita 55, f/5.6, sehemu moja ya 10 ya sekunde. Milimita 50, f/5.6, sehemu moja ya 8. Tena 55. Tena 55. Zote ndani ya nyumba, zote jioni.

Hakuna hata moja iliyoharibiwa na umbali wa mlima. Mbili zilikuwa za kidole chake mwenyewe. Moja, ya bibi harusi mwingine, ilikuwa nyeusi kwa sababu alimsimamisha mgongo ukiwa dirishani, na lenzi ya kumgeuza bibi harusi bado haijauzwa popote.

Alitaka kukimbilia ile ya milimita 50, f/1.8, kwa kuwa namba zilimwita huko. Mama akamzuia. Alichukua utepe wa gundi, akaifunga lenzi ya boksi kwenye 50 isizunguke, akamtuma kwenye koito ya jirani. Ngedere alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga kabati la vyombo, akapata mjomba mmoja na nusu ya birika. Kamera yake ina kihisi kidogo, na kwenye kihisi hicho 50 hukaza kama 75 au 80 ya kamera kubwa. Wiki iliyofuata mama akahamisha gundi hadi 35, na meza nzima ikaingia. Namba za daftarini hazikudanganya, ila zilisema jambo jingine. Alivuta hadi 55 kwa sababu siku zote alisimama mlangoni, akiogopa kuingia katikati ya wakwe. Milimita 35 ilimlazimu kuingia, kuchuchumaa kando ya kiti cha nyanya, kusikia hesabu ya ng'ombe ikipanda.

Akanunua 35, f/1.8, mpya, na fedha ikabaki ya mbolea. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga huongezeka karibu mara kumi, kwa hiyo picha iliyochukua sehemu moja ya 10 ya sekunde sasa ilichukua kama moja ya 100, na binti za watu wakaacha kuburutika. Kwenye kihisi kile, 35 huona karibu sawa na 50 ya kamera za filamu, ambayo Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanyia sehemu kubwa ya kazi yake. Siyo kwamba mambo yalinyooka. Tundu likiwa wazi kiasi hicho, kinachotoka kikali ni chembamba. Kwenye koito ya kwanza baba mkwe alitoka na kila kope, na mjomba aliyekaa hatua moja nyuma akatoka kama moshi. Mjomba alidai ng'ombe mmoja wa fidia. Ngedere akajifunza kuwapanga wenye vyeo mstari mmoja, na kufunga tundu hadi f/4 wazee wakizidi watatu.

Ndipo Mheshimiwa Ndovu alipofanya harambee kwenye ukumbi wa mjini. Mlangoni palisimama Kifaru, ambaye macho yake hayafiki mbali, na kwa sababu hiyo ofisi ilimpa kazi ya kukagua wapiga picha. Alipima kivuli. Kivuli cha Nyani kilifika barabarani, akapigiwa saluti. Kivuli cha Ngedere kiliishia kwenye vidole vyake.

"Wewe, hiyo ni kamera au ni simu?"

Ngedere akakaa nje na madereva.

Ndani, Nyani alielekeza bomba lake kwa Mheshimiwa na kupata mkunjo mmoja wa ngozi, mkavu, ukiwa na nywele mbili. Kioo kile hakiwezi kukaza kitu kilicho karibu kuliko mita nne na ushei, na hata hapo huona upana usiozidi kitambaa cha mkono. Ili mnyama mwenye kimo cha mita tatu aingie mzima, hesabu inataka usimame mita 50 ukishika kamera wima, au zaidi ya 70 ukiilaza. Nyani akaanza kurudi nyuma. Alipita viti vya wageni, akapita safu ya kina mama wa maandazi, akatoka mlangoni kinyumenyume Kifaru akimpigia saluti ya pili, akavuka barabara, akafika relini. Huko, kupitia mlango wa ukumbi, alimlenga Mheshimiwa. Wakati huo huo ukungu ulishuka kutoka mlimani, na lori la mbao likapita. Akabonyeza.

Picha ilichapishwa kwa ukubwa wa mlango na kutundikwa ofisini kwa Ndovu. Ilikuwa ya kijivu kutoka ukingo hadi ukingo, na chini kulia palikuwa na kitu ambacho huenda kilikuwa taa ya lori. Washauri waliisifu kwa saa moja. Mmoja aliona mkonga, mwingine akaona maendeleo. Mheshimiwa mwenyewe alisema hajawahi kupigwa akiwa ametulia namna ile, na wageni wote wakaanza kuomba kupigwa picha kando yake.

Ofisi ilikuwa ndogo na yenye giza. Nyani alijaribu kumpiga mgeni wa kwanza akiwa relini, lakini dirisha lilikuwa limefungwa. Ngedere akaitwa. Aliingia na lenzi yake fupi, akafungua tundu, akamweka kila mgeni sambamba na fremu, akamaliza wote kabla ya chakula cha mchana. Nyuso zilikuwa hai, meno yakaonekana, na ile picha ya kijivu ikatoka kali kuliko ilivyokuwa ukutani.

Alipofuata malipo, karani Kobe alifungua kitabu cha viwango, akatoa rula, akaomba aone lenzi.

"Sentimita saba," Kobe aliandika. "Nyani alikuwa na arubaini na tano. Tunalipa kwa sentimita, kijana. Weka sahihi hapa."